Mama Aliyeshika Chuma

Mkono wake wa kulia ulikuwa mwembamba kama bua la mtama, na mrefu kiasi kwamba akisimama wima vidole vilikaribia goti. Wa kushoto ulikuwa mkono wa kawaida wa mwanamke wa shamba. Watu wa kambi ya shamba walisema Mungu alichukua mmoja kutoka kwa mtu mwingine, na kwamba mahali fulani yupo mwanamke anayetembea na mkono mfupi na kulaani. Yeye mwenyewe akisikia hivyo alisema, "Akija mwambieni arudi Jumatatu. Leo ninautumia."

Tulimwita Mama Chuma. Jina lake la ubatizo ninalijua, na la marehemu mume wake pia, lakini hakuna aliyeyatumia siku zile, nami sitajifanya leo kwamba niliyatumia. Habari za ukoo wake nawaachia watu wake. Mimi nilimjua kazini tu, na hata huko sikumjua nilivyodhani.

Shamba lilikuwa upande wa Turbo, ukishapita Chepsaita: ngano mpaka macho yachoke, na mistari ya miti ya miwati kwenye mipaka. Mwenye shamba alikuwa Kaburu aliyekwenda vitani akafundishwa kutengeneza ndege. Aliporudi aliamua kujiundia yake ndani ya ghala la ngano. Michoro iliagizwa ng'ambo, mabati mepesi ya aluminiamu yakaja kwa treni hadi Eldoret, nasi tukayabeba kwa gari la ng'ombe kama mayai. Mimi nilikuwa nimeiacha shule ya sekondari katikati. Niliandikwa karani wa ghala, na Bwana alipogundua kwamba naweza kusoma mchoro, akanitoa kwenye magunia akanipa nyundo.

Ndege ya bati hufungwa kwa ribiti, misumari mifupi minene ya kubana mabati, na ribiti inataka watu wawili. Mmoja yuko nje na nyundo. Mwingine yuko ndani, amekandamiza kipande cha chuma nyuma ya ribiti, ili pigo likija lipate mahali pa kukomea na ncha ya ribiti itandazike, iwe bapa na mviringo kama kifungo cha shati. Kwenye mbawa kazi hii ilikuwa nyepesi. Taabu ilikuwa mkiani. Mkia unakwenda ukijibana kama chupa, na bati la mwisho likishafunikwa, njia ya kuingiza mkono ni tundu moja lenye upana wa kisahani cha chai. Ribiti za mwisho ziko mbali huko gizani, nyuma ya mbavu, mahali ambapo jicho halifiki.

Bwana alitupanga foleni tujaribu mikono. Mkono wangu uliishia kwenye kiwiko. Nyapara alilazimisha wake, ukakwama, ikabidi tumpake mafuta ya mashine kama tunavyofanya ng'ombe akikwama kuzaa, naye anatukana kila aliyecheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni alisimama mlangoni akamtazama.

"Mzee," alisema, "ukizaa mapacha utuite."

Bwana ndiye aliyeuona ule mkono ulioshika kuni. Akamwita, akautia ndani ya tundu mpaka bega likagusa bati, na tukasikia vidole vyake vikikwaruza kule mwisho kabisa. Siku hiyo hiyo akawa mshika chuma.

Sasa ni lazima nieleze jambo ambalo kambi nzima ilikuwa inalijua. Mume wake alikuwa amekufa msimu ule. Skwota aliandikwa mwanamume: yeye anafanya kazi ya Bwana, naye anaruhusiwa kujenga, kulima kipande chake na kuchunga ng'ombe wachache. Akifa, na kama hana mtoto wa kiume aliyekomaa wa kushika nafasi yake, mjane anavuna kisha anahama. Mama Chuma alikuwa na binti mmoja tu, ameolewa mbali, na mkwe asiyependa wageni. Hakuwa na pa kwenda. Siku alipoingiza mkono ndani ya mkia, Bwana alifurahi akamwambia kwa Kiswahili chake, mbele yetu sote, "Sasa wewe nakaa hapa mpaka ndege naruka."

Mpaka ndege iruke. Wanawake wenzake walimpongeza. Yeye alirudi kufunga kuni zake. Baadaye nilimsikia akimwambia jirani yake maneno aliyopenda kuyarudia: "Kazi ikiisha, na wewe umeisha."

Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, yote machungu, na aliyasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Kuhusu wanaume: "Akilewa anakupiga, akiamka anakuuliza nani alikupiga." Kuhusu Bwana: "Si mtu mbaya. Hata mvua ya mawe si mbaya, haikujui tu." Ndege aliiita punda wa bati. Mimi aliniita Skuli.

"Skuli, hii punda ikiruka, itakula nini huko juu?"

"Petroli, Mama."

"Na ikishiba, inanya wapi?"

Ghala zima lilikuwa linangoja nijibu.

Jumapili aliimba kanisani kwa sauti iliyofunika ya mwalimu wa dini, na ugoro ameuficha ndani ya pindo la nguo. Aliwasema vikali wanawake waliokwapua ngano ya Bwana wakati wa kupura, akasema mwizi wa kikombe ni mwizi wa gunia. Lakini mtoto wa mmoja wao alipougua alimpelekea uji wa unga ambao sote tulijua haukutoka kwenye posho. Hakupenda kushukuriwa. Ukimwambia asante alikutazama kana kwamba umemdai kitu. Aliogopa vitu virefu. Hakupanda hata ngazi ya ghala, na alipoambiwa kwamba Wazungu wanalala ndani ya ndege wakiwa juu ya mawingu, aliomba kiti.

Kazini alikuwa mtu mwingine. Alikuja akiwa ameupaka mkono mafuta ya maziwa, kwa sababu makali ya bati yalimkata, na makovu yalikuwa yamepangana kuanzia kifundo hadi juu ya kiwiko kama chale. Alipiga magoti kando ya mkia, akainamisha kichwa hadi shavu likalala juu ya bati, akafumba macho. Nyundo ikilia juu ya bati sauti ya mtu haisikiki vizuri, inavurugika, kwa hiyo tulikubaliana kuzungumza kwa kugonga. Mimi nikishapiga, yeye anapapasa ribiti kwa kidole. Ikiwa imekaa sawa anagonga bati mara moja kwa kile chuma. Ikiwa imelala upande au imepasuka anagonga mara mbili, nami naitoboa kwa drili, naisukuma ianguke ndani, natia nyingine.

Miezi ya kwanza aligonga mara moja karibu siku nzima. Tuliizoea kazi kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Kisha mbavu za mwisho zikaanza kuonekana, ribiti zilizobaki zikawa chache, na Bwana akaanza kuzungumza habari za injini. Hapo ndipo alipoanza kugonga mara mbili.

Nilipiga, akagonga mara mbili. Nilitoboa, nikatia nyingine, nikapiga kwa uangalifu wote, akagonga mara mbili tena. Siku zikaenda hivyo. Mstari ambao ungemalizika kabla ya chai ulichukua wiki. Bwana alikuja akasimama nyuma yangu.

"Wewe napiga kama mwanamke nafua nguo," aliniambia. "Kwa nini yote mbaya?"

Mama Chuma alikuwa amepiga magoti pale pale, shavu juu ya bati. Hakufungua macho.

"Mkono wake umechoka, Bwana," alisema. "Apewe wiki moja apumzike."

Watu wa ghala walicheka, na nyapara akalichukua neno hilo hadi kambini. Jioni watoto walinifuata wakinigongea makopo mara mbili mbili. Nilikuwa na umri ule ambao dharau ya watoto inauma kuliko njaa. Nilikuwa nimeshashindwa shule. Sasa nilikuwa nashindwa na nyundo, na aliyenitangaza ni mwanamke asiyejua kusoma jina lake.

Ningeweza kusema kwamba sikujua alichokuwa akifanya. Nimesema hivyo kwa watu wengi na wakakubali. Ukweli ni kwamba zile ribiti nilizozitoboa ziliangukia ndani ya mkia, naye alizikusanya akazitoa kwa kiganja mwisho wa siku, na zaidi ya mara moja niliokota moja sakafuni nikaiona: bapa, mviringo, kifungo cha shati. Niliishika mkononi. Nikajiambia mama huyu ni mgumu wa kuridhika. Sikutaka kufikiri zaidi ya hapo, kwa sababu kufikiri zaidi kungenizuia kufanya nilichotaka kufanya, ambacho kilikuwa kumwonyesha Bwana kwamba mkono wangu haujachoka.

Nilivunja kioo changu cha kunyolea. Kipande nilikifunga kwenye ncha ya waya mgumu, nikaukunja waya mpaka ukapita ndani ya tundu na kugeuka kule mwisho, na kando yake nikaingiza tochi ndogo. Nilijaribu wakati wa chakula cha mchana, peke yangu. Ndani ya kile kioo niliona mistari ya ribiti zangu, imejipanga, inang'aa, mizuri kuliko nilivyothubutu kutumaini. Furaha niliyoipata nakumbuka hata leo, na ndiyo inayonitia aibu zaidi. Nilikimbia kumwita Bwana.

Alitazama kwa muda mrefu, akiuzungusha waya polepole. Kisha akamwita Mama Chuma, akamwonyesha ribiti ya mwisho niliyoipiga asubuhi ile.

"Mama, shika hii. Nzuri, mbaya?"

Alipiga magoti, akaingiza mkono, akapapasa. Nilikuwa nimesimama upande wa uso wake. Kidole kilikaa juu ya ribiti muda mrefu kuliko kawaida. Nadhani alijua. Akagonga mara mbili.

Bwana akageuza kioo. "Mimi naona nzuri."

"Wewe unaona, Bwana. Mimi nashika tu."

"Na ile ya jana?"

"Ya jana imeshatolewa."

Hakukuwa na kelele. Wengine wanaosimulia kisa hiki wanaweka mjeledi ndani yake, lakini Bwana hakuinua hata sauti. Alikaa juu ya gunia akashika kichwa. Alichokifikiria yeye ni bati: kila ukitoboa ribiti, tundu linapanuka kidogo, na tundu lililopanuka halishiki. Alimuuliza kwa nini. Mama Chuma alikuwa anajipangusa mkono kwa kitambaa, kutoka bega kushuka, polepole, kama anavyopanguswa mtoto.

"Ulisema nakaa mpaka iruke," alisema.

Bwana alimtazama kana kwamba amemkumbusha jambo lililosemwa na mtu mwingine. Sidhani kama alikumbuka.

Kioo kilipokuwapo, kidole chake hakikuhitajika tena. Bwana alipinda chuma kirefu chenye shingo, ambacho mimi niliweza kukisukuma hadi mwisho kwa mkono wangu mfupi huku nyapara akipiga nyundo, na ribiti zilizobaki tulizimaliza bila yeye. Aliambiwa ahame. Mahindi yake yalikuwa yametoa ndevu tu, punje bado maziwa. Aliomba angoje yakauke avune. Nyapara alimjibu kwamba trekta imeshapangiwa kipande kile.

Siku moja kabla ya kuondoka alivunja mahindi yote mabichi, akaazima masufuria ya kambi nzima, akachemsha. Akaita watu. Walikuja wengi, kwa sababu mahindi mabichi hayakataliwi, wakakaa kwenye nyasi mbele ya nyumba iliyokuwa imeshatolewa milango. Nilijificha nyuma ya wengine. Aliniona. Alichagua hindi kubwa kuliko yote, akalipitisha mkono kwa mkono.

"Mpeni Skuli ale wa kwanza," alisema. "Amefanya kazi."

Kila mtu alisubiri. Nilikula. Mpaka sasa sijui kama kukataa kungekuwa heshima zaidi au woga zaidi, lakini najua nilikula mpaka nikamaliza, na kwamba lilikuwa tamu.

Ng'ombe wake aliwaswaga mwenyewe kuelekea barabara kubwa. Hakuna aliyemsindikiza zaidi ya mpaka wa miwati. Mimi nilikuwa ghalani, nimekaa na chuma changu kirefu.

Mkaguzi Mzungu alipokuja kutoka Nairobi kuitazama ndege, aliupitisha ubawa, akaipitisha injini, akaukataa mkia. Matundu yalikuwa mapana mno. Alisema uvunjwe wote, uundwe upya tangu ubavu wa kwanza. Bwana aliagiza mabati mengine. Hali ya nchi ikachafuka, mabati yakachelewa, mkewe akataka kurudi kwao kusini, na ndege ikabaki ndani ya ghala bila mkia, kuku wakitagia kitini. Sikuwahi kuiona ikitoka nje ya mlango. Lile shamba liliuzwa nayo ikiwa humo. Niliacha kazi kabla ya hapo, nikaenda kuandikisha magogo kwenye mashine ya mbao upande wa Timboroa.

Huko ndiko nilikomwona tena, mwaka ambao serikali ilikuwa imewaondoa watu wengi msituni na inatafuta wengine wa kufanya kazi zao. Mapatano ya msitu yalikuwa hivi: unapewa kipande kilichokatwa miti, unalima viazi na mahindi yako bure, lakini kati ya mistari unapanda miche ya serikali na kuitunza. Miche ikikua ikafunika ardhi, chakula hakioti tena, nawe unahama.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito. Nilikuwa napita kwa miguu kuangalia mpaka wa magogo yetu, nikaona mtu amevaa koti kuukuu la jeshi anachimba viazi. Nilimjua kwa mkono kabla ya uso.

"Hujambo, Mama."

Alinyooka polepole. "Nani?"

"Ni mimi. Wa ghalani. Skuli."

Alinitazama kwa utulivu, akatema ugoro pembeni. "Umezeeka mbio."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nilianza mapema, ndiyo maana hunioni nikikimbia."

Nilicheka, naye hakucheka. Nilimuuliza habari za ng'ombe, akasema walikwisha. Nilimuuliza habari za binti. Akasema yuko kwake. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno ya siku hii kwa miaka, na yote yalianza na neno samahani, lakini kilichonitoka kilikuwa kingine.

"Ile ndege haikuruka, Mama. Mpaka leo haijaruka."

Kiazi kilikuwa mkononi, akawa anakisugua udongo kwa kidole gumba.

"Haikuruka," alisema. Kisha, "Basi ningekuwa bado pale."

"Ndiyo."

"Nyumba ile ilikuwa na udongo mzuri. Haikuvuja."

"Mama, nilitaka kukuambia kwamba siku ile—"

"Sasa unafanyia nani kazi?" aliniuliza.

Nikamwambia: mashine ya mbao, ile ya chini ya stesheni.

"Mnanunua miti kwa hawa wakubwa wa msitu?"

"Tunanunua kwao."

"Mnaongea nao."

"Mara nyingi."

Alitikisa kichwa. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na nikaweza kuona mbali kidogo. Vipande vya majirani zake pande zote mbili vilikuwa na miche ya kufika kiunoni, kijani kibichi, matawi yameanza kugusana, na chini yake viazi vimekonda. Nikageuka kutazama chake. Kati ya mistari ya viazi vilivyonawiri, miche ilikuwa imepandwa kwa nafasi sawasawa, imepaliliwa safi, na hakuna uliozidi urefu wa shibiri, ingawa ilikuwa ya msimu mmoja na ile ya majirani.

Naapa sikusema kitu, wala sikuinama kugusa. Lakini aliyafuata macho yangu. Aliweka kiazi chini, akapiga hatua akasimama kati yangu na mstari wa kwanza, akalifungua lile koti la jeshi akalitanua kwa mikono yote miwili, kama kuku anapoona kivuli cha mwewe.

"Njia iko huko, Karani," alisema.

Nikaondoka. Nilipofika kwenye mwinuko niligeuka mara moja. Alikuwa bado amesimama vile vile, koti limetandazwa, akingoja nipotee.